Sakafu Ilipanda, Mlango Ukashuka

Alikuwa akipiga hodi hata kwenye nyumba isiyo na paa. Nilimwona kwa macho yangu, mtaa wa nyuma yetu, kwenye kiwanja ambacho nyumba ya zamani ilikuwa imebomolewa zikabaki kuta tatu na mbuzi mmoja. Alisimama pale palipokuwa mlango, akavua kofia, akasema hodi mara tatu, akasubiri kidogo, ndipo akaingia. Mbuzi akamtazama. Wakati huo nilikuwa nasoma sekondari, nikacheka mpaka nikashika tumbo. Akanigeukia bila hasira. "Nyumba ni ya watu hata kama hawapo, mwanangu," akasema, kisha akatoa uzi wake akaanza kupima.

Tulimwita Fundi. Kariakoo imejaa mafundi, wa simu, wa cherehani, wa viatu, wa friji, na kila mmoja lazima umtaje kwa kazi yake ili ueleweke. Lakini mtaani kwetu ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule mzee mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio na ndevu za hina. Alijua kujenga, kupiga lipu na kuezeka, lakini kazi iliyompa heshima ilikuwa moja tu, kupandisha sakafu.

Anayetoka mbali huwa haelewi kwa nini mtu apandishe sakafu. Nyumba zetu za zamani zilijengwa barabara ikiwa chini. Kila barabara ilipotengenezwa walimwaga kifusi juu ya kifusi na lami juu ya lami, nyumba zikabaki palepale. Mwisho wake barabara ikawa juu na sebule zikawa chini. Kwetu, karibu na Msimbazi, ukitoka barazani kuingia sebuleni ulishuka ngazi mbili. Baba alipokaa kwenye kochi lake alikuwa akiwaona wapita njia kuanzia magotini kwenda chini, na alijisifu kwamba anawajua watu wote wa mtaa kwa viatu vyao. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yaliijua sebule yetu, na Mama aliyatoa kwa ndoo na fagio huku akiitukana serikali.

Fundi hakuanza kazi yoyote kabla ya kukaa. Hakukubali kiti. Aligeuza karai, akalikalia katikati ya chumba, akatazama kuta kwa muda mrefu hata mwenye nyumba akaanza kujiuliza kama mzee amesinzia. Baadaye akatoa mpira wake mweupe wa maji, ule unaoonyesha maji yaliyomo ndani, akashika ncha moja na kibarua akashika nyingine upande wa pili, na maji yakionyesha usawa akachora mstari wa penseli ukutani. Pimamaji ya dukani aliyokuwa nayo ilikaa tu kwenye mfuko. "Hiyo ya kuwaonyesha wasomi," alisema. Alipomaliza kazi, kabla hajanawa mikono, alimwaga kopo moja la maji sakafuni na sote tukasimama kuyatazama yanaelekea wapi. Yakienda mlangoni, alitikisa kichwa mara moja. Yakisimama mahali, alirudia, hata kama mwenye nyumba anamwambia imetosha.

Alichukia marumaru, ingawa alizipanga vizuri kuliko vijana wote. Alisema watu wa siku hizi wananunua shuka ya bei mbaya kutandika kitanda kibovu, na kitanda kwake kilikuwa jamvi, yaani lile zege la chini lisiloonekana. Ukimtajia rangi ya marumaru uliyoipenda, alikuuliza kifusi kitatoka wapi. Ukimwambia kifusi kipo, aliuliza kitashindiliwa kwa siku ngapi. Wateja wengine walichoka naye wakatafuta mafundi wepesi, na masika iliyofuata wakamrudia wakiwa wameinamisha macho. Hakuwasuta. Aliwauliza tu, "Na safari hii tutashindilia?"

Hasira zake zilikuwa za mara chache lakini za kukumbukwa. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mangi, mtu wa Moshi, mwenye duka la jumla la sukari na unga. Fundi alimpandishia sakafu ya stoo, akamwagiza asiguse kitu mpaka zege likomae, alimwagilie maji asubuhi na jioni na kulifunika kwa magunia. Siku ya tatu lori la mzigo likaja, na Mangi, biashara ni biashara, akapanga sukari juu ya sakafu mbichi. Fundi akapita, akaona. Akaingia, akaanza kutoa gunia mojamoja kwa bega lake, mzee wa umri ule, akayapanga barazani mbele ya watu. Mangi alimfuata nyuma akisema, "Fundi, basi, basi bwana, nisamehe." Fundi alipotoa la mwisho akakaa juu yake, akapumua, akasema, "Sasa niletee chai." Tangu siku hiyo wale wawili wakawa marafiki wa kweli. Krismasi Mangi alimpelekea mchele, Idi Fundi alimletea pilau.

Lakini kilichomtofautisha kabisa na mafundi wenzake ilikuwa bahasha. Ilikuwa bahasha kubwa ya kaki, imechakaa pembeni na kuzungushiwa mpira, na ndani yake mlikuwa na nakala za vibali vya ujenzi vya kila nyumba aliyowahi kuigusa. Kwetu mtu akisema anakwenda kuomba kibali cha kupandisha sakafu tu, watu humcheka. Kibali ni cha ghorofa, wanasema, si cha kumwaga zege chumbani. Fundi hakukubali. Ukibadilisha sakafu, alisema, umebadilisha urefu wa chumba, mlango, madirisha, matundu ya hewa na njia ya maji machafu, na vyote hivyo vina sheria zake, na sheria hizo ziliandikwa baada ya watu kuumia. Alikuwa hawezi kushika sululu bila kuuliza, "Karatasi iko wapi?" Vijana wa mtaani wakampa na jina la utani, Mzee Karatasi, ila mbele yake hawakuthubutu.

Na mtu huyohuyo aliogopa ofisi. Siku ya kwenda manispaa alivaa kanzu, akajifukiza udi, akapiga chai ya tangawizi, na akifika kule alishika kalamu kama anavyoshika mwiko. Alisema uongo kuhusu umri wake pia. Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa na hamsini na tano. Mama alimtania, "Fundi, mwaka jana ulikuwa na hamsini na tano." Naye akajibu, "Na mwaka huu pia, Bi Mkubwa, mambo yangu hayabadiliki ovyo."

Chumba chake kilikuwa Buguruni. Mama alinituma huko mara moja kumpelekea futari. Nilipoingia nilishangaa, kwa sababu sakafu ilikuwa imeinama wazi kabisa, limau lililoanguka kutoka kwenye kapu langu likabingirika lenyewe mpaka mlangoni. Nikamuuliza, "Fundi, mbona kwako hivi?" Akaokota limau. "Hapa nimepanga. Sakafu si yangu, na mwenyewe hajanipa ruhusa." Aliishi juu ya sakafu hiyo miaka mingi, yeye aliyenyoosha sakafu za watu.

Hayo yote nayasema kwa sababu nataka ajulikane alivyokuwa kabla sijasema nilichomfanyia. Nimejizungusha vya kutosha.

Baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ofisini, Posta, navaa tai, mtaani wananiita msomi. Masika moja Mama alishuka ngazi zile mbili alfajiri bila kujua kwamba maji yameingia, akateleza. Hakuvunjika, lakini goti la kulia halikurudi kuwa goti. Mdogo wangu Zuhura alikuwa ameshachumbiwa na harusi ilikuwa wiki tano mbele. Nikamwita Fundi.

Alipiga hodi, akageuza karai, akakaa. Akachora mstari wake. Kisha akapanga matofali mawili mlangoni, akayapanda ili asimame kwenye kimo cha sakafu mpya, akapiga hatua moja kuelekea nje. Paji la uso likagusa linta, ile boriti ya zege juu ya mlango. Alifanya makusudi, nione.

"Umeona?" akasema. "Ukipandisha sakafu umeshusha mlango. Lazima tuvunje hapo juu, tunyanyue linta. Matundu ya hewa ya chini yatafunikwa, tutoboe mengine. Dari nayo ipande kidogo. Na kabla ya yote, kibali."

"Fundi, harusi ni wiki tano," nikamwambia. "Wewe pandisha sakafu tu. Mlango tutaushughulikia baadaye."

"Watu watapitaje?"

"Watainama. Watu wanainama kila mahali."

Akaupapasa ule ubao wa fremu, fremu ya mninga aliyoichagua Baba. "Mlango haupimwi kwa mtu anayetembea, mwanangu. Unapimwa kwa mtu anayebebwa. Mimi mlango wowote naupima hivyo. Siku ya kumtoa mtu humu, wanaobeba wanatakiwa wapite wamesimama."

Nilikasirika. "Unamtabiria mama yangu kifo?"

"Astaghfirullah! Sitabiri. Napima."

Akakusanya vyombo vyake akaondoka, kazi ameikataa. Siku mbili baadaye Mama mwenyewe alimwita. Akamketisha barazani, akamwonyesha goti lake lililovimba, akamwambia, "Fundi, nataka kumwoza mwanangu kwenye nyumba kavu. Nakuomba mimi." Mzee akatazama goti lile, akatazama chini. Alikuwa hajui kumkatalia Mama. Nadhani kumpenda kwa heshima ndiko kulikomponza, yeye na bahasha yake.

Mama alipoingia uani kuendelea na maandazi yake, Fundi alinivuta kando, akatoa ndani ya bahasha fomu tupu. "Naanza kwa ajili ya Bi Mkubwa. Linta tutanyanyua baada ya harusi, lakini karatasi hii iende kwanza. Kesho iwe mezani kwao. Sitaki kumwaga zege bila kibali, sijawahi."

"Kesho asubuhi napitia," nikasema.

"Neno?"

"Neno, Fundi."

Niliitia kwenye mkoba wa ofisini, ikakaa huko. Kesho yake kulikuwa na foleni, kesho kutwa kikao, na mwisho nikajiambia nani atajua. Kila nilipotoka kazini nilimkuta Fundi na vibarua wawili wakishindilia kifusi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na kila siku aliniuliza, "Umepeleka?" Siku ya kwanza nilisema kesho. Siku ya pili pia nilisema kesho. Siku ya tatu niliona aibu kusema kesho tena, nikamwambia nimepeleka, mkubwa wao ameshasaini, bado kukichukua tu kibali chenyewe. Akashukuru Mungu. Ndipo akamwaga zege.

Sakafu ile, naomba niseme, haijapata ufa mpaka leo. Siku alipomwaga kopo la maji, yalikwenda mlangoni yote, kama yameitwa. Mama alipiga kigelegele. Alitembea kutoka barazani mpaka uani bila kushuka ngazi hata moja, akarudi, akaenda tena, analia na kucheka.

Asubuhi hiyohiyo mkaguzi wa manispaa akatokea na mjumbe wa mtaa. Alikuwa mama mmoja mwenye kofia ngumu ya njano na daftari, mpole, hana haraka. Akasalimu, akapima mlango kwa futi kamba, akatafuta matundu ya hewa asiyaone. Akauliza, "Kibali cha kazi hii kiko wapi?"

Barazani walikuwepo Mangi, majirani wanne watano, na shangazi zangu waliokuja kwa ajili ya harusi. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule yake mpya. Fundi alinitazama mimi, hana wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ananisubiri nikalete kibali.

Ningeweza kusema nilisahau. Neno dogo tu hilo. Ningegombezwa, ningelipishwa faini, Mama angenuna siku mbili, yakaisha. Lakini niliona macho ya watu, nikaona tai yangu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Fundi alituambia kwa sakafu tu kibali hakihitajiki."

Fundi hakushtuka kama nilivyotegemea. Alinitazama tu, polepole, jinsi alivyokuwa akizitazama kuta. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake. Halafu akamtazama Mama, na nadhani aliona alichoona, kwamba akifungua mdomo atakuwa anamwonyesha mama huyu mwanawe ni mtu wa namna gani, mbele ya mashangazi na majirani.

"Ni kweli, Fundi?" Mama akauliza.

"Zege nimelimwaga mimi, Bi Mkubwa," akasema. Hilo lilikuwa kweli, na hakuongeza kitu.

Mkaguzi akafungua daftari. "Jina la fundi?"

Nikajibu mimi tena, kwa haraka ya mtu anayetaka jambo liishe. "Ni Fundi tu. Mtaa mzima unamjua." Akaandika hivyohivyo. Mimi nikapewa onyo na agizo la kurekebisha mlango na matundu. Ukutani wakaandika kwa rangi nyekundu SIMAMISHA, na mjumbe akaambiwa asiruhusu kazi ya fundi huyo mtaani bila idhini.

Mama alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu. "Kumbe karatasi zako zote zile ni maigizo!" akamwambia. "Umeniaibisha mbele ya serikali na mbele ya mawifi zangu. Usikanyage hapa tena." Fundi akainama, akaosha mwiko wake kwenye ndoo yetu, akamwaga maji yale nje ili yasichafue sakafu. Alipofika mlangoni alivua kofia kupita, maana kwa urefu wake linta ilikuwa inamgusa, akaenda.

Harusi ikafana. Mjomba wangu mmoja, mtu wa mwili na majivuno, aliingia na zawadi kichwa juu, akajigonga paji la uso kwenye linta puu, watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Fundi gani huyu jamani, au alipima akiwa amepiga magoti?" Wakacheka zaidi. Mimi nikacheka nao. Kati ya yote niliyofanya, kicheko kile ndicho kinachonirudia mara nyingi zaidi, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha kucheka. Baada ya harusi Mama akafunga kipande cha kanga nyekundu kwenye linta ili wageni waone mapema. Mlango sikuunyanyua. Kuvunja ukuta kungenikumbusha, na mimi sikutaka kukumbuka. Matundu nilitoboa, ile rangi nikaipaka chokaa.

Maneno yalitembea kuliko mimi nilivyodhani. Mzee Karatasi hana karatasi, watu walisema, na likawa jambo la kuchekesha kwa sababu lilimgeuza kichwa chini miguu juu. Mangi alimtetea wiki mbili tatu. Aliwahi kuvuka barabara akaja kuniuliza, "Hivi kweli mzee alisema vile? Mimi alinisumbua mwezi mzima kuhusu kibali." Nikamwambia watu hubadilika. Akanitazama, akarudi dukani. Alipotaka kupandisha sakafu ya duka la mbele, alichukua fundi mwingine. Na ukweli ni kwamba nilifurahi alipofanya hivyo, kwa sababu ulikuwa ushahidi kwamba hata yeye ameniamini.

Miaka ikaenda. Nilikuwa nikimwona Fundi mara mojamoja. Kuna siku nilipita Mnazi Mmoja mchana, nikamwona amekaa kwenye ukingo na vibarua wanaosubiri kuitwa na yeyote mwenye kazi ya siku, mfuko wake wa vyombo katikati ya miguu, ndevu hazina hina tena, zimebaki nyeupe. Mtu alisimamisha gari, vijana wakalikimbilia, yeye hakunyanyuka. Nilivuka upande wa pili nikajificha nyuma ya gari la miwa. Nilikuwa na miaka arobaini, na nilijificha.

Mara kadhaa nilitaka kumwambia Mama. Nilikaa naye barazani nikayapanga maneno, naye akanisimulia habari za wajukuu, nikayameza. Nilijiambia ana presha, asisumbuliwe. Alipomtaja Fundi, na alimtaja, alisema, "Nilimwamini yule mzee kuliko ndugu. Basi kila mtu ana siku yake ya kukuonyesha." Mimi nikaitikia ndiyo, Mama. Alifariki mwaka jana, usingizini, kwenye nyumba kavu, akiwa ameniamini mimi.

Siku ya mazishi mtaa ulijaa. Kabla ya kumtoa marehemu, kama ilivyo kwetu, mtu wa familia husimama kuwaomba wote aliokosana nao wamsamehe. Mimi ndiye mwanawe wa kiume, nikasimama mlangoni, nikasema, "Ndugu zangu, Mama yetu alikuwa binadamu. Kama kuna ambaye Mama alimkosea kwa neno au kwa tendo, tunaomba amsamehe." Kwa kawaida watu huitikia pamoja, tumesamehe, na mambo yanaendelea. Kabla hawajaitikia ilitoka sauti moja kutoka nyuma, kavu, ya mzee. "Mimi nimemsamehe." Watu wakageuka. Alikuwa amesimama kando ya barabara katika kanzu ileile ya kwendea manispaa. Nikasikia majirani wawili wa zamani wakinong'ona, "Si yule wa bila kibali?" Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Watu wote walikuwepo, wananisikiliza. Nikasema, "Tunashukuru," nikaingia ndani kubeba jeneza.

Nilishika mkono wa mbele kulia. Tulipofika mlangoni tukakwama. Ilibidi tuiname chini, na sebule ilikuwa imejaa watu, hakuna pa kurudi nyuma. Tuliposhusha mabega jeneza likainamia mbele, wanawake wakapiga yowe. Nikahisi mtu anaingia kutoka nje kwa ubavu, anapita katikati yetu. Alikuwa Fundi. Alifunua kiganja chake akakiweka juu, chini ya linta, juu ya kile kitambaa cha kanga, ili jeneza likigusa liguse mkono wake na si zege. Akaanza kutuelekeza kwa sauti ya chini, ileile ya kuwaelekeza vibarua na mpira wa maji. "Shusha kulia. Basi. Nyuma panda kidogo. Basi. Usawa. Sasa tembea." Tukatembea tukiwa tumepiga magoti nusu, na kwa hatua nne zile Mama alikuwa sawa kabisa. Nje tukamnyanyua mabegani. Nilipogeuka nikamwona mzee anaifuta damu kwenye vidole kwa upindo wa kanzu. Makaburini sikumwona.

Matanga yalipokwisha nilikwenda manispaa mwenyewe kuomba kibali cha kunyanyua linta. Wakanipa fomu, nikakaa kwenye benchi nikajaza jina la mwenye nyumba, kiwanja, aina ya kazi. Nikafika palipoandikwa Jina la Fundi. Kalamu ikasimama. Alikula kwetu, alinifundisha kusoma usawa wa maji, nilimpelekea futari kwake, na sikuwa nalijua jina lake.

Nikaenda Buguruni. Alikuwa chumbani mlemle, juu ya sakafu ileile iliyoinama, mguu mmoja wa kitanda umewekewa tofali. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Matanga mmemaliza salama?"

"Salama. Nataka kunyanyua linta, Fundi. Nimeshachukua fomu."

Akavaa miwani, akaipokea. Aliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari. Mahali fulani alitoa penseli nyuma ya sikio akarekebisha kipimo cha mlango nilichokosea. Kisha kidole kikasimama. "Hapa hujajaza."

"Ndiyo nimekuja kukuuliza. Jina lako kamili."

Akavua miwani. "Andika Fundi," akasema. "Si ndivyo ulivyomwambia yule mama siku ile? Aliandika, na ilitosha." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeagiza maji.

Nikakaa chini sakafuni pale. Nikasema yote, fomu iliyobaki kwenye mkoba, uongo wa kwanza, uongo wa pili, kicheko cha harusini, gari la miwa. Nililia pia, sioni haya kusema. Alinisubiri nimalize.

"Mimi unaniambia ya nini?" akauliza. "Mimi nilikuwepo. Kawaambie ambao hawakujua."

"Mama ameshaondoka, Fundi."

"Najua. Mlango niliushika mimi."

Akanirudishia fomu, nafasi ile ikiwa tupu. Nilipofika mlangoni kwake nilijikuta nasema hodi, natoka badala ya kuingia, na yeye hakujibu.

Jioni nikaenda barazani kwa Mangi. Mangi mwenyewe ameshahamia Mbezi na mkewe, duka analo mwanawe, na wanaokaa pale ni wafanyabiashara vijana wenye maduka ya karibu. Nikawasalimu, nikabaki nimesimama. Nikasema, "Jamani, nina neno. Nataka kuwaambia habari za Fundi."

Mtoto wa Mangi akapunguza redio. "Fundi yupi, kaka? Wa simu?"

"Fundi," nikasema.

"Wa friji?"

Wote walinitazama, wananisubiri nimtaje, na sikuwa na jina la kuwapa. Nikawaonyesha ng'ambo ya barabara, mlango wetu ulio chini kuliko milango yote ya mtaa, na kile kipande cha kanga kwenye linta. Nikaanzia hapo.